Kibao Ulichonivika

Pacha wangu Opiyo,

Binti yangu ameniambia unakuja kutoka Nairobi mwisho wa mwezi, kunitazama kabla sijaondoka. Daktari hakunificha. Moyo umechoka, na hata kalamu hii naishika kwa kupumzika. Nakuandikia mbele ya watu wazima wote wa ukoo, nao watasomewa barua hii, kwa sababu nawe ulinisema mbele ya watu wote.

Unaikumbuka nyumba yetu katika kambi ya polisi, chumba kimoja, pazia katikati, sare ya baba ikining'inia mlangoni? Nyumbani tulisema Kiswahili, kama kambi nzima. Shuleni ilikuwa Kiingereza tu. Aliyeteleza akasema Kiswahili alivikwa kibao cha mbao shingoni, wala hakukivua mpaka amkamate mwingine akiteleza.

Ulikuwa na mdomo mwepesi, lakini "in", "on" na "at" zilikushinda. Ulilalamika kwamba sisi tukisema "mezani" tunaelewana; Wazungu wanataka nini zaidi? Nikakufundisha kwa vyombo vya mama. Nzi yuko "on" sahani, nzi yuko "in" chai. Ulicheka hadi mama akatufukuza jikoni.

Kisha akaja mwalimu mgeni kuchagua mwanafunzi mmoja wa kusomeshwa bure shule ya bweni. Asubuhi hiyo kibao kilikuwa shingoni mwako. Ulinifuata nyuma ya jiko la shule, ukaninong'oneza:

"Acen, wee dada. Mtu iko kwa basi, ni 'in' ama 'on'? Nimesahau kabisa."

"Ni 'on'. Kwa teksi ndiyo 'in'. Kichwa yako imejaa posho, ugali tupu?"

Ulikivua kibao taratibu, ukanivika, maana nilikuwa nimekujibu kwa Kiswahili. Nilidhani unatania. Mwenye kibao hakuruhusiwa kuingia kwa mgeni, basi nilisimama nje, chini ya dirisha, nikakusikia ukiulizwa habari za basi na teksi. Ulijibu vizuri. Sauti yako haikutetemeka hata kidogo.

Ulikwenda bweni. Mimi nilibaki kumsaidia mama kuuza mboga sokoni Nakasero, nikasoma masomo ya jioni kwa miaka, nikawa mwalimu wa Kiingereza mvi zikianza kuchomoza. Hayo nilikuwa nimeyameza. Tulikuwa watoto, nilijiambia, na njaa ya kusoma ilikuwa yetu sote wawili.

Lakini kwenye harusi ya mwanao ulishika kipaza sauti ukasimulia kisa cha kibao, ukasema, "Huyu dada yangu nilimnasa kama panya, na yeye ndiye alikuwa mwalimu wangu!" Ukumbi mzima ukacheka, wajukuu wangu wakiwamo. Hukuwaambia kwamba nafasi ilikuwa moja.

Leo naungama: nami nilicheka. Nilicheka kwa sauti ili watu wasinitazame usoni. Tangu siku hiyo nimekuwa nikipokea simu zako kwa maneno matamu, nikikuita pacha wangu, huku siamini tena hata salamu zako.

Sikukatazi kuja. Njoo. Watoto watakuzunguka wakuombe ile hadithi ya kibao, maana wanaipenda. Safari hii wasimulie yote, pamoja na yule mgeni, na mahali nilipokuwa nimesimama wakati wewe unajibu. Nitakuwa nimelala chumba cha pili, mlango wazi. Wakicheka, nitajua umeuficha ukweli tena.

Safiri salama.

Uliyezaliwa naye,
Acen