Swabra Anakanyaga, Mimi Naongoza Kitambaa

Machakos,
Jumamosi, 9 Agosti 2025.

Mpendwa Dada Mbula,

Pokea salamu zangu, nyingi za kujaza sanduku la Faki anayekuletea barua hii mpaka lipite kilo anazoruhusiwa. Joto la Muscat linakutendeaje? Yule nyanya unayemtunza bado anakataa kula mpaka umwimbie? Na lile jino lililokusumbua wakati wa Pasaka, uling'oa au bado unajikaza? Sisi huku tuko salama. Baridi imekazana, milima ya Iveti haionekani asubuhi, na Kyalo wangu anaenda kazini na lile koti uliloacha, pamoja na vifungo vyake vya kike, hana aibu.

Usishangae kuona karatasi. Kwa simu tungelia kabla ya kumaliza salamu, wewe nakujua na mimi najijua. Faki, kaka yake Swabra jirani yangu wa sokoni, anasafiri kuja huko Alhamisi na atarudi mwisho wa mwezi. Ndiyo maana nimekaa kukuandikia. Nimekaa wapi! Nimesimama kwenye meza ya kukatia vitambaa, kwa sababu siku hizi nikikaa zaidi ya dakika ishirini nalipia.

Ni mguu, dada. Nilikuficha, na kwa hilo nisamehe. Mimba ilipofika miezi sita nilishikwa na maumivu yanayoanzia kalioni, yanashuka nyuma ya paja mpaka kisigino kinawaka moto. Kukanyaga cherehani ndiko kulikuwa kubaya zaidi. Nilikuwa naing'ata sare ya mteja ili nisipige kelele.

Hata Kyalo sikumwambia, na wewe unajua sababu. Yule mtoto wetu wa kwanza alitutoka akiwa bado tumboni, baada ya maumivu ya mgongo yaliyoanza hivyo hivyo. Nikajiambia, basi, hata huyu anaenda. Wiki mbili nilitembea na hofu hiyo peke yangu, na kliniki sikutaka hata kuisikia, maana huko ndiko wangeniambia.

Swabra ndiye aliyenifumania. Alinikuta chini ya meza, magoti na mikono sakafuni, kwa sababu nikikaa hivyo mguu unatulia kidogo. Yeye akadhani natafuta sindano. Aki huyo mama! Akaingia chini ya meza na buibui lake, akaanza kupapasa sakafu, ananiuliza ni ya saizi gani. Tukatafuta sindano ambayo haikuwa imepotea, mpaka nikaangua kicheko, kicheko kikageuka kilio, nikamwaga yote. Alifunga duka lake na langu saa nne asubuhi, tena siku ya soko, akanipeleka kliniki.

Nesi akaniwekea kile chombo tumboni, na moyo wa mtoto ukasikika, unakimbia tu. Woi, dada, nililia mpaka foleni nzima ikageuka kunitazama. Mtoto hana shida yoyote. Ni neva ile kubwa inayotoka kiunoni hadi mguuni, yangu imebanwa. Alinionya tu kwamba mguu ukifa ganzi au mkojo ukikataa kutoka, nirudi mbio.

Siku hizi nalala kwa ubavu na mto katikati ya magoti. Kyalo ameubatiza mto huo mume mwenza, na anausalimia kila jioni kwa heshima. Naweka kitambaa cha maji ya moto pale panapouma, natembea kidogo kidogo, na kuna mazoezi niliyofundishwa na fizio, yule mtaalamu wa viungo pale kliniki. Mama mkwe, Mama Kamanthe, alikuja kutoka Kivaa na gunia la muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, kuja kunihurumia. Sasa tunafanya mazoezi pamoja sakafuni, na anasema magoti yake hayajawahi kufurahi hivi.

Kazi je? Hapo ndipo utacheka. Swabra anaketi kwenye kiti changu anakanyaga, mimi nasimama ubavuni naongoza kitambaa. Watu wanakuja kutuangalia tu, hata hawana nguo ya kushonwa. Wiki ya kwanza alikuwa akipiga gumzo mguu unarudi nyuma na uzi unakatika. Tulikuwa na kanzu za kwaya ya kanisa letu, na katika hizo porojo tukashona mdomo wa mkono mmoja wa kanzu ya Mzee Mulwa ukafungika kabisa. Jumapili wimbo ukafika pale pa kuinua mikono. Wote wakainua miwili, yeye mmoja, na ule mwingine unapigana ndani kama paka kwenye gunia. Nilicheka nikashikwa na mguu, nikaendelea kucheka.

Sasa lililonifanya nitafute kalamu. Miaka mitatu iliyopita, wiki ile unasafiri, nilikutilia mfuko wa bluu kwenye sanduku lako. Zile nguo nilizokuwa nimemshonea yule wa kwanza, na sweta ya manjano. Nilikwambia uzipeleke mbali, sitaki kuziona tena. Hujawahi kuzitaja hata siku moja, na Mungu akubariki kwa hilo.

Huyu sikuwa nimemshonea hata kifungo. Mama Kamanthe husema nguo hazitayarishwi kabla mtoto hajafika, nami nikajificha nyuma ya maneno yake. Kumbe ilikuwa hofu. Jana tulimaliza kanzu za mwisho za kwaya, za waimbaji wapya, kikabaki kipande cheupe. Swabra akaweka mguu kwenye pedali akangoja. Nikakata kofia ndogo, tukaishona. Nilikuwa na furaha, dada, furaha hasa.

Nirudishie mfuko wangu. Mpe Faki. Mtoto anakuja Septemba, na asubuhi za huku bado zitataka sweta.

Kyalo anakusalimu na halirudishi koti. Mama Kamanthe na Swabra wanakusalimu sana. Mungu akulinde katika nyumba ya watu, akuondolee upweke, na akurudishe nyumbani ukiwa unacheka.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kwa mguu mzima na huu mbovu pia,
Ndila.

Nimesahau: kama ulizigawa au zilipotea, usinifiche. Niambie tu. Tutashona nyingine, Swabra yuko tayari na mguu kwenye pedali.