Fomu Iliyobaki Mezani

Dada yangu,

Usinicheke mwandiko. Huku hatujambo, shemeji yako ndiye anayepika siku hizi, na chumvi yake haina kipimo.

Kazini bado najaza fomu za bima. Mkono ukivimba kwa maji yaliyogoma kutoka, fomu hutaka chanzo: umezaliwa na uvimbe huo, umekatwa titi, au mengineyo. Ukidanganya inarudishwa, na mgonjwa hapati soksi ya kubana mkono.

Fomu moja imekaa mezani wiki ya tatu, nimeijaza yote ila hapo penye chanzo. Anayezikagua ni wifi yangu, naye hana kifua. Akijua asubuhi, mchana ukoo mzima umejua.

Dada, mwaka jana sikuwa mafunzoni kama nilivyokuambia. Nililazwa. Nakuandikia kwa mkono wa kushoto. Wa kulia hauingii tena kwenye blauzi.

Niambie, tiki niweke wapi?

Mdogo wako