Plasta kwenye Mashine ya Mwanangu

Jumatatu, 3 Machi

Wewe binti yangu, mdomo huo kaupeleke kwa mumeo, usimletee mtoto wa kaka yako. Ulikuja kunisalimia au ulikuja kucheka? Msumari kafeli hesabu. Haya, kafeli. Hajaiba, hajaua mtu. Wewe ukakaa kitandani kwangu, miguu umeinyoosha, ukasema aache chuo aje saluni kwako asuke nywele, hesabu zina wenyewe. Mbele yake! Mtoto akabeba beseni akatoka nje kufua nguo ambazo zilishafuliwa.

Naandika hapa nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Hapa angalau hunijibu.

Chuo wamempa mtihani wa marudio, Jumatatu ya tarehe 17. Akianguka tena, anafungasha. Hakuna mara ya tatu.

Hafungashi mtu. Sekondari, hesabu za pembe, huyu mjukuu wangu aliongoza darasa. Kwa mashine ileile ya kukokotoa ya marehemu baba yake. Mwanangu alikuwa mpima ardhi, alipimia nayo viwanja mpaka alipolazwa. Kitufe kimoja cha juu alikibandika plasta ya kidonda, akaikaza kwa gundi, akaandika kwa kalamu: USIGUSE. Wasaidizi wake vidole viliwawasha, wakikibonyeza vipimo vinaharibika. Nilipompa Msumari nilimpa na sharti: plasta haitoki. Na mashine ikisema, sikiliza. Baba yako hakukosea kiwanja hata kimoja.

Sasa wamemletea kitu kinaitwa kalkulasi. Mtoto kasinyaa.

Jumatano, 5 Machi

Nimempatia mwalimu. Yule kijana anayetoa fotokopi dukani mbele ya geti la chuo. Naye alisoma mambo haya, akaishia njiani. Sikumuuliza kwa nini. Namlipa kwa kumpigia pasi mashati yake, na mashati yake yana makunyanzi kama uso wangu.

Leo wamekaa upande ule wa meza, mimi upande huu na pasi. Anafundisha kikomo. Anasema katika kikomo huulizi ukifika utakuta nini. Unauliza unakaribia nini. Waweza kusogea na kusogea, usifike kabisa, lakini unapoelekea panajulikana.

Hilo silihitaji kufundishwa. Wodini kila asubuhi muuguzi alikuwa ananiambia mwanao leo afadhali kuliko jana. Afadhali. Afadhali. Nilikuwa napika uji wa mtu anayerudi nyumbani.

Nimeunguza kola ya shati la watu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemfukuza Fotokopi.

Alianza vizuri, sikatai. Akachukua mfuniko wa sufuria yangu na uzi. Akalaza uzi kwenye ukingo wa mfuniko, ukapinda na ukingo. Akachukua uzi mwingine, huo akauvuta umenyooka, kutoka pale ukingo ulipofika kushuka hadi mstari aliouchora kwa chaki katikati ya mfuniko. Kipande cha ukingo kikiwa kikubwa, uzi uliopinda unauzidi ulionyooka, mtu yeyote anaona. Akakipunguza. Akakipunguza tena. Mwisho nyuzi mbili huwezi kuzitofautisha. Basi, akasema, gawa huu ulionyooka kwa huu uliopinda, unakaribia moja. Ulionyooka ndio sine, uliopinda ndio pembe yenyewe. Msumari akacheka, mara ya kwanza tangu matokeo. Hata mimi nilisimamisha pasi.

Kisha akasema tuhakikishe. Akamwambia apige sine ya sifuri nukta moja, agawe kwa sifuri nukta moja. Mashine ikatoa sifuri nukta sifuri moja saba. Si moja. Wala si jirani yake.

Fotokopi akaigeuza mashine, akaona plasta. Akasema mashine inahesabu pembe kwa digrii, na kalkulasi hii inataka pembe ipimwe kwa ule uzi wa ukingoni, wanaita radiani. Kitufe cha kubadilisha kiko chini ya hii plasta, tuitoe, akasema, na ukucha wake tayari uko pembeni ya plasta.

Nikamuuliza wewe umepima kiwanja gani. Nikamuuliza mtu anayeshinda anabonyeza kitufe kimoja cha kijani anajua nini habari ya mashine ya mwanangu. Akajaribu kueleza kwamba mashine haina kosa. Nikamwonyesha mlango. Alisema shikamoo badala ya kwaheri, kuchanganyikiwa huko. Msumari alikuwa anakunja ule uzi.

Jumamosi, 8 Machi

Hakuja. Vizuri.

Jumatano, 12 Machi

Tulikuwa tunakunja mashuka ya nyumba ya wageni, yeye ncha ile, mimi ncha hii. Nikamuuliza, lile swali la sine kugawa, kwenye mtihani ule wa kwanza lilikuwepo? Akasema lilikuwepo. Uliandika nini?

Akavuta shuka likakazika.

"Niliandika moja, Bibi. Mwalimu wetu alishatufundisha, nilijua ni moja. Nikapiga kwenye mashine ya baba, ikakataa. Nikafuta."

Nikamwambia mtu mzima hafuti anachokijua. Nikamwambia kichwa Mungu hakukuwekea cha kubebea ndoo. Nilisema mengi. Yeye ananiangalia tu, ameshika ncha zake mbili, anangoja nimalize tukunje. Hakunikumbusha nani alimwambia mashine ikisema asikilize. Angenikumbusha ningemzaba kofi. Bora angenikumbusha.

Mashuka yote tumeyakunja vibaya. Nimeyafumua peke yangu.

Ijumaa, 14 Machi

Sasa ana mtindo mpya. Kila swali, kabla ya kugusa mashine, anageuza pembe kwa mkono: azidishe kwa mia na themanini, agawe kwa hiyo pai yao, ndipo apige sine. Jibu linatoka sahihi. Lakini amejipima kwa karatasi ya mtihani wa zamani, muda umeisha yuko katikati ya maswali. Nikamwambia aazime mashine kwa mwenzake. Akasema siku hiyo kila mtu anaingia na yake. Na hata angepata, hataki ya mtu.

Kichwa kigumu. Nikiuliza kakitoa wapi watanicheka.

Jumapili, 16 Machi

Mtihani kesho asubuhi.

Baada ya chakula cha mchana nikamwambia, toa plasta. Akakataa. Mimi, aliyenilea mimi hakuwahi kusikia sitaki kutoka kwangu, nimekataliwa na mtoto mwembamba kama sindano, mezani kwangu.

"Baba aliandika, Bibi."

"Baba yako alikuwa anapima viwanja. Hakuwa anafanya mtihani wako."

Akaisukuma mashine ije upande wangu. Akageukia ukuta.

Nikalowesha kitambaa, nikakipitisha kwenye pasi, nikakiweka juu ya plasta kikiwa cha moto. Nikangoja gundi ilegee. Nimetoa madoa ya damu, ya mafuta, ya wino kwenye nguo za watu miaka yote hii. Ikaanza kutoka pembeni. Katikati ikang'ang'ania. Nilipovuta ikachanika, na maandishi yakaenda na kitambaa. Mwandiko wake mwingine sina. Karatasi zake ofisi walichukua zote.

Chini yake kitufe cheupe, kipya, kama jino la mtoto. Nikakibonyeza. Vikatokea vijiherufi na namba, moja, mbili, tatu. Nikabonyeza mbili. Skrini ikawa tupu. Nikabonyeza tena, ikaja kitu kingine kabisa. Sasa hata digrii sijui kama zimebaki. Nikamwita aje atazame, akasema hajui, hajawahi kukigusa, yeye aliambiwa asikiguse.

Mtu anayejua ni mmoja tu, na saa hizi anakaribia kufunga duka. Jumapili hufunga mapema.

Msumari bado amekaa, mgongo kanipa mimi. Nimeshasema mara moja, nasema tena na naandika ili nisirudi nyuma: inuka, Msumari. Vaa viatu. Nenda kwa Fotokopi ukamwambie bibi anakuita, ana kazi na wewe. Akiuliza kama bibi anaomba radhi, mwambie aje aulize hapa. Akikataa, simama hapohapo mlangoni kwake, usiondoke, nakuja mwenyewe na mguu huu huu unaouma. Inuka.