Aliyezuia Mshahara wa Mwisho

Hlotse, Leribe
Julai, baridi ikiwa kali

Dada yangu Lineo,

Pokea salamu zetu zikiwa bado na joto, maana huku kila kitu kimeganda; asubuhi maji ya ndoo tunayavunja kwa jiwe. Mimi ni mzima. Mama mkwe anakula na kugombana, kwa hiyo naye yu mzima. Je, shemeji kile kifua kimemwachia? Na wewe, mji huo wa Welkom umekunenepesha, au bado ni mwembamba kama uzi?

Jumamosi ilipita harusi hapa kwetu. Bibi harusi alivaa gauni la buluu la kitambaa cha seshoeshoe, na mshono wa kiunoni ulipinda. Nilicheka peke yangu, kisha machozi yakanilengalenga. Nilitukumbuka mimi, wewe na Khauhelo tukilizunguka jiko la mafuta ya taa kwa Mama Mapuleng, tukishona nguo za harusi, kitambaa kipya kikinuka wanga na kutukwaruza vidole, wewe ukianzisha wimbo. Mwenyewe alikuwa akitoka na sufuria ya mboga za moroho mkononi na kutuambia, "Imbeni wanangu, ila sindano isicheze!" Hatukuwa waajiriwa pale, Lineo. Au ndivyo tulivyodhani.

Unajua niliacha kazi mwezi wa tatu ili nimuuguze mama mkwe. Niliaga mapema kama inavyotakiwa, nikashona mpaka siku ya mwisho. Nilipoulizia mshahara wa mwezi ule, Mama Mapuleng alinitazama kama nimemtukana. Akaniuliza, "Nthabeleng, mtoto akihama nyumbani humdai mama yake?" Nikatoka kichwa chini, kana kwamba mimi ndiye mwizi. Niliporudi akasema kuna bwana harusi hajamlipa. Nikarudi tena, akasema aliyeondoka kwa miguu yake hana chake.

Khauhelo, unamjua mdomo wake, akanicheka. "Shoga, umama wa yule unaishia mlangoni. Kanunue dawa za mama mkwe wako kwa nyimbo basi, tuone!" Nilimkasirikia usiku mzima. Asubuhi nikaenda ofisi ya kazi.

Ofisa wa pale, Ntate Seqhobane, alinisikiliza bila haraka. Akanieleza kwamba kazi ukishaifanya, ujira wake ni wako, uwe umefukuzwa au umeaga mwenyewe. Na likizo uliyostahili lakini hukuichukua, nayo hulipwa. Hapo ukanijia akilini wewe. Ulipomfuata shemeji huko ukaacha mshahara wako wa mwisho, ulisema, "Nimeondoka mwenyewe, nitadai kwa uso gani?" Nasi wote tukaitikia kwa vichwa.

Mama Mapuleng aliitwa. Alikuja amejifunga blanketi lake la sikukuu, na hakunisalimia. Ntate Seqhobane akamuuliza kama nilifanya kazi mwezi ule. Akasema nilifanya, tena vizuri. Basi kwa nini hakunilipa? Nilingoja hadithi ya bwana harusi. Badala yake akawa anavutavuta nyuzi za blanketi, halafu akasema kwa sauti ndogo, kama anaongea na magoti yake:

"Mwanangu Puleng alipokwenda Durban nilimpa kila kitu mkononi. Nauli, blanketi, hata sufuria. Hajarudi mpaka leo. Nikajifunza. Mtu akiacha kitu chake kwangu, atarudi kukifuata."

 Hasira zangu zote zilikosa pa kukaa. Ntate Seqhobane ndiye aliyemjibu, kwa upole: "Mama, mtu si mbuzi. Hafungwi kwa kamba ya mshahara wake."  Nikamwambia kwamba kila nilipokuja kudai nilikuja na uchungu, na mtu mwenye uchungu hakai kunywa chai.

Kesho yake alinilipa, pamoja na likizo. Sasa nikuambie nililolifanya bila ruhusa yako, nawe unigombeze ukitaka: mbele ya ofisa nilikutaja. Mama Mapuleng hakukana. Alikubali kwamba pesa yako anayo, na akaahidi kuituma huko huko uliko, hulazimiki kuja. Niandikie itumwe kwa njia gani. Usimwonee haya, na usimwachie. Ni jasho lako.

Kuna jambo moja sijamwambia hata Khauhelo, maana atanicheka mpaka Krismasi. Jana, nikiwa simdai Mama Mapuleng hata senti, nilikwenda kwake. Nilibisha hodi. Akafungua kidogo, akabaki ameshika mlango, akauliza nimefuata nini tena. Nikamwambia sikufuata kitu. Akauachia mlango, akaenda kuteleka chai.

Msalimie shemeji na wote wanaotujua huko. Amani ikae nyumbani mwenu.

Ni mimi mdogo wako,
Nthabeleng