Hesabu ya Masikio

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama na goti limepoa. Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Dada anayekusomea asikimbilie mwisho, asome taratibu.

Ile kazi ya kuwauliza watu wazima kama wanasoma vitabu niliimaliza. Ofisini kwetu kila mtu alijibu kwamba anasoma sana, hata mhasibu, ambaye kitabu chake pekee kimewekwa chini ya feni isiyumbe. Wote niliwaandika wasomaji. Kwa mafundi cherehani, kila niliyemuuliza alicheka, akaniambia mikono yake ina kazi, nikamuulize mzee wao, Babu Miwani. Nikaandika: msomaji mmoja, wengine hawasomi. Kwa hesabu hiyo mkuu wangu akaamua chumba cha vitabu cha mtaa wao kifungwe, kiwe stoo.

Juzi nilitumwa kupima mlango wa chumba hicho, nikapita karakana yao. Babu Miwani alikuwa akisoma kwa sauti, na cherehani zikimfuata: penye furaha zinakimbia, penye hofu zinanyamaza. Mara wakazozana kama mjane wa kwenye hadithi amfungulie shemeji yake mlango. Mama mmoja aliapa kwamba mjane akimfungulia tu, yeye kitabu hicho hatakisikiliza tena. Mwenzake akamtania kwamba hata cha mwezi jana alikisusa, na kesho yake akawahi kuliko wote. Nikarudi ofisini moja kwa moja.

Nilimweleza mkuu. Alicheka, akauliza kama nataka tuhesabu masikio. Akanikumbusha kwamba bado niko kwenye majaribio, akanipa kufuli. Kesho nikafunge mimi mwenyewe.

Mama, kuna jambo zito zaidi. Siku tunaanza kazi, mkuu aliuliza nani kwao kuna mtu asiyesoma. Nikanyoosha mkono, nikakutaja wewe. Wenzangu wakacheka, nami nikacheka. Wewe niliyekusomea vitabu vyote vya shule huku ukipiga pasi nguo za watu, ukinikatiza kumkaripia muuaji! Kipimo nilichokupimia wewe ndicho nilichowapimia wao.

Kufuli liko hapa mezani. Naogopa, mama. Barua hii itakapokufikia, nitakuwa nimeshafunga au nimeshafukuzwa, na sijui lipi litakuumiza zaidi. Niombee.

Wasalimie majirani wote waliokuwa wakija kusikiliza vitabu hivyo. Nao niliwasahau.

Ni mimi kitindamimba wako,
niliyekuwa nikikusomea.