Dakika Kumi na Tano kwa Mzee Ogeto

Suna, Migori
Jumapili, 14 Aprili 1996

Mpendwa dada Moraa,

Pokea salamu zangu nyingi, na pole kwa mvua ambayo nasikia imeng'oa mabati huko kwenu. Goti lako limepata nafuu? Watoto je, na shemeji? Mimi ni mzima, nakula vizuri, na redio za watu hazikomi kuharibika, kwa hiyo kazi ya kutengeneza ipo.

Najua utauliza kama bado nakusanya vile vitabu vyangu vidogo. Bado. Sasa ni thelathini na kimoja, vyote vya karne iliyopita, vya kuingia mfuko wa shati, vikimfundisha Mzungu wa zamani namna ya kushika kijiko, kuandika rambirambi na kuvua glavu mbele ya wanawake. Vingine nilivipata kwa wamisheni waliorudi kwao, vingine sokoni vikiwa karibu kuchanwa vifungie njugu. Navihifadhi katika mkebe wa biskuti pamoja na dawa ya mende. Jirani yangu Sharif, muuza vitambaa, huniuliza kila wiki nitavua glavu gani. Namwambia aendelee kupima kitambaa.

Sasa habari yenyewe. Kuna msichana anaitwa Dorah, mwalimu huko Rangwe. Wazazi wake ni watu wa kwetu Kisii wenye duka pale. Dada, nampenda mpaka juzi nilimrudishia mteja redio bila spika. Mwezi uliopita wazazi walikubali nifike wanione, nami kwa kuogopa kuaibika nikasoma kitabu changu cha kwanza kabisa, cha mwaka 1871. Kinasema ziara ya kwanza isizidi dakika kumi na tano, na mgeni asiwasumbue wenyeji kwa chakula.

Nikaenda. Nikasalimia, nikasifu mapazia, nikatazama saa. Dakika zilipotimia nikasimama, nikashukuru, nikaaga. Kumbe mama yake alikuwa jikoni tangu asubuhi. Jogoo yuko motoni na ugali wa wimbi unasongwa! Kuondoka kwa wakwe bila kuonja! Baba yake, Mzee Ogeto, akadhani nimemwona bintiye nikamkataa. Mama alilia. Dorah aliniandikia mistari miwili tu, kwamba nisijisumbue kurudi.

Nilirudi. Nilibeba kitabu chenyewe kiwe shahidi, nikaeleza yote. Mzee akavaa miwani, akasoma ule ukurasa, akacheka mpaka akakohoa, akamwita mkewe aje asikie. Nikajua nimepona. Kisha akafungua ukurasa wa mbele, akasoma jina lililoandikwa pale. Akaniuliza Moraa ni nani.

Dada, hapa nakuomba ukae chini. Kitabu ni chako. Ndicho kile chekundu ulichopewa na yule daktari mzee wa misheni ulipomaliza darasa la saba, ukaandika jina lako kwa wino wa zambarau na kuchora ua pembeni. Niliyekichukua ni mimi, si Mokaya. Umemnunia binamu yetu miaka kumi na sita, nami nimekaa kimya nikila mahindi yake. Nilikipenda tu, halafu nikaona aibu kukirudisha. Nadhani vile thelathini vingine nilivitafuta ili hicho kisibaki peke yake mkebeni kikinitazama. Nisamehe.

Nilimwambia Mzee ukweli, lakini hakuniamini sana. Mwanamume yeyote aliyekutwa na jina la mwanamke angesema ni dadake. Akakitia kitabu mfukoni, akasema atakitoa kwa Moraa mwenyewe, mkononi, na siku hiyo ndipo posa itazungumzwa. Moraa asipotokea, basi nisahau habari ya Dorah. Tumekubaliana Jumapili, tarehe tano Mei.

Njoo, dada. Njoo na Mokaya, nimwombe msamaha mbele ya watu. Na uje na njaa, maana mama Dorah ameapa hakuna atakayeinuka kabla sufuria hazijaisha.

Mpe shemeji mkono wangu, na watoto uwabusu mmoja mmoja. Nawe, ukifika Rangwe, usinihurumie. Nigombeze kama ulivyokuwa ukinigombeza zamani, kwa sauti ile ile. Ndipo wataamini kwamba wewe ni dada yangu.

Ni mimi mdogo wako, mwizi wa kitabu,
Angwenyi