Flash za Sare

Jumapili, 2 Novemba

Huku Marekani usiku wamerudisha saa nyuma kwa saa moja, kama kila mwaka, nusu ya kanisa tukafika mapema tukabaki kutazamana. Asante Mungu kwa hiyo saa moja. Nilikuwa nimetoka shifti ya ghala kule Landover na mgongo unadai.

Baada ya ibada Mzee Kwesi kashusha laptop nyingine kwenye gari lake. Kuukuu, za ofisi fulani. Kwesi ni Mmarekani mweusi, mkutubi mstaafu, Kiswahili kajifunza ukubwani na anakiongea kisafi kutushinda wote. Kazi yetu ni ile ile: tunafuta Windows iliyochoka, tunapiga Linux, mfumo wa bure, tunawagawia wageni waliofika majuzi. Chumba cha chini ya kanisa, hapa Takoma Park. Musoma nilikuwa na kibanda changu cha kutengeneza kompyuta, hapa nasukuma maboksi. Nashukuru kwa maboksi. Kwa kile chumba nashukuru zaidi.

Gaudiose kanifuata na flash yake. Mama Hardy, Mrundi anayeongoza kwaya. Mama yake alifariki Bujumbura mwaka jana na makaratasi hayakumruhusu kwenda kuzika. Si Jumamosi hii, ile inayofuata, tarehe kumi na tano, anafanya levée de deuil, sisi tungesema kuanua matanga. Kasema: "Baba Tania, uniwekee nyimbo za kwaya kwenye hii clé. Lakini angalia, mule iko sauti za mama. Zile alikuwa ananitumia kwa simu. Simu yenyewe ilishakufa." Anataka watu wamsikie mama yake pale ukumbini, awabariki kwa mdomo wake mwenyewe. Kuna moja hasa, ya mwisho, aliituma siku chache kabla ya kufa. Hana nakala popote.

Nimeitia mfuko wa shati, pamoja na yangu. Zinafanana. Kanisa lilipotimiza miaka kumi tuligawiwa flash za zambarau zenye jina la kanisa. Sisi bwana, hatuwezi sherehe bila sare. Vitenge sare, viatu sare, mpaka flash tumezivisha sare.

Jumanne, 4 Novemba

Off. Nimelala mpaka jua likanifuata kitandani.

Mabishano ya simu na Mzee Kwesi, yale yale ya kila wiki. Yeye ni mtu wa Ventoy — flash unaiandaa mara moja, halafu unatupia mifumo humo unavyotaka, laptop ikiwaka unachagua. Mimi ni mtu wa dd. Amri ya herufi mbili. Haina madoido, haina picha, haibembelezi mtu. Unaiambia andika pale, inaandika pale, hata kama pale pana kitu. Kwesi kasema chombo kisichouliza kinataka mtumiaji anayejiuliza. Vitabu vyake hivyo. Nimemcheka.

Nikachomeka flash yangu niiandike Linux mpya, nikapiga lsblk kuona diski zote. Ukubwa ule ule. Haya, dd, twende. Nikaenda kukaanga mayai, kurudi imeisha.

Laptop ya Yohan imewaka mara ya kwanza! Yohan ni Mkongo, kafika Septemba, anaomba kazi kwenye nyumba ya wazee na kila fomu iko mtandaoni. Kaweka mikono miwili juu ya ile laptop akaiombea, kirefu, kwa Kiswahili na Kifaransa. Nikasema amina. Moyoni nikawashukuru pia wale watu nisiowajua wanaovitunza hivi vyombo bure, huko makwao. Hakuna mtu anayewaombea wale.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimechomeka flash ya Gaudiose niweke nyimbo. Nimekuta Linux ya mwaka jana.

Linux ya mwaka jana ipo kwenye yangu.

Basi ile niliyoipiga Jumanne —

Nimeichomeka. Ni Linux tupu. Hakuna kwaya, hakuna mama, hakuna kitu. Nimeichomoa nikaichomeka tena, kama mjinga, kana kwamba itabadili mawazo.

Na lsblk iliniambia. Yangu, yenye Linux, ingeonyesha vipande viwili, ile ilionyesha kimoja. Nilikiona kwa macho yangu nikapita. Ujuaji wangu huu!

Jumapili waliturudishia saa moja. Ningeipata leo ningejua pa kuipeleka. Sina hamu.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimempigia Mzee Kwesi asubuhi. Nilitegemea hotuba. Kasema tu: "Usiiguse. Usiandike chochote juu yake. Nakuja." Kaja kwa basi, gari liko gereji, na mkate wa ndizi aliooka mkewe. Hajataja Ventoy hata mara moja. Huyu mzee Mungu ampe maisha marefu.

Kanituliza. Linux niliyoandika imekalia sehemu ndogo ya mwanzo. Kilichokuwa pale kimekwenda, tusidanganyane. Huko nyuma flash bado ina vitu vyake, ila vimepoteza majina na njia. Kuna chombo kinaitwa PhotoRec, cha bure nacho, kinapekua flash kipande kwa kipande na kuokota kila kinachofanana na picha au sauti.

Kwanza lakini tumenakili flash nzima kwenye laptop yangu, ili tupekue nakala, ya asili tuiache. Na ya kunakili ni ipi? dd. Ile ile. Safari hii tulisoma ile amri wawili, kwa sauti, mara tatu, kabla ya kubonyeza. Kwesi kashika kidole changu kabisa.

Gaudiose kapiga saa sita. Nyimbo zimeingia? Nimesema bado kidogo, Mama Hardy. Kasema haya, Mungu akubariki na hiyo kazi. Chai ikanishinda.

Jumamosi, 8 Novemba

Mungu si Athumani! Zimetoka. Mamia. Nyimbo, mahubiri, na sauti za simu, nyingi tu. Hazina majina, ni namba ndefu ndefu. Nilipiga magoti hapo hapo kwenye zulia.

Furaha ikaishia hapo. Tumefungua moja: bibi anaongea. Nyingine: bibi mwingine. Nyingine: sijui ni yule wa kwanza au wa tatu. Gaudiose ana mama wadogo, ana mama mkwe, ana wazee wa kwaya ya Bujumbura, na wote wanamtumia sauti. Wote kwa Kirundi! Mimi Kikurya changu hakinisaidii hapo. Mzee Kwesi kakaa wima na zile headphone, kafumba macho, mwisho kasema: "Namsikia bibi anayecheka. Namsikia bibi anayekohoa. Zaidi ya hapo sikujaliwa."

Huenda mama yake tumemshika mkononi na hatumjui. Huenda alikuwa kwenye ile sehemu niliyoandika juu yake, na hapa hayupo. Anayeweza kujua ni mtu mmoja tu, na huyo ndiye ninayemkwepa.

Nilikuwa na mpango, nakiri. Kutengeneza kwanza, kusema baadaye. Umekufa. Kwesi kasema kesho, baada ya ibada, ana kwa ana, na yeye atasimama pembeni yangu.

Jumapili, 9 Novemba

Naandika kwenye simu, hapa hapa chumba cha chini, mikono ipate kazi.

Nimemwambia. Nimeanza na sare za flash, Kwesi kanikanyaga mguu, nikaacha sababu nikasema lenyewe: nimefuta sauti za mama yako, baadhi zimerudi, sijui kama yake imo.

Gaudiose kakaa. Halafu kauliza nimejua lini. Alhamisi. "Na Ijumaa nilikupigia." Ndiyo. "Nikakuombea." Ndiyo, Mama Hardy.

Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Alivua koti, akalikunja, akaliweka magotini. "Leta hizo écouteurs."

Basi tumekaa. Mimi nabonyeza, yeye anasikiliza, Kwesi anapanga anazotaja kwenye folda zake. Kila moja sekunde chache tu na anajua. "Mama mkwe. Toa." "Huyu ni tante, mdogo wa mama, anaomba viatu. Toa." "Mama mkwe tena, huyu mwanamke hachoki." Hapo alicheka na mimi nikapumua kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Halafu akatulia. Mama! Anatutafsiria: mama yake anamuuliza kama huko Amerika amepata unga mzuri. Kaisikiliza yote. Nyingine, anamgombeza Hardy kwa kutopiga simu. Nyingine, anaimba kidogo halafu anasahau maneno. Zimefika nane. Gaudiose kanishika mkono akasema asante, baba, asante. Mimi! Asante ya nini, mimi niliyefuta?

Ya mwisho bado. Ile ya baraka. Zilizobaki sasa zinahesabika.

Na chumba si chetu. Saa kumi kinakuwa cha Wasalvador, wanakodi kanisa jioni kama sisi tunavyokodi asubuhi. Wameanza kushuka ngazi na magitaa yao. Mbele yao Carmen, kiongozi wao. Nimesimama niombe dakika chache, Kihispania changu ni buenas tardes tu. Hakunisubiri. Kamwona Gaudiose, kamwona alivyojiinamia na zile headphone, kageuka akawainulia watu wake mkono. Wamesimama kwenye ngazi wote, na vyombo vyao, kimya. Kuna anayeshika nyuzi za gitaa zisilie.

Nimebonyeza nyingine. Gaudiose kanyanyua kiganja: usiguse.

Hasemi huyu ni nani. Midomo inacheza. Sasa anajibu, kwa sauti ndogo, kwa Kirundi, anaacha nafasi, anasikiliza, anajibu tena. Katika yote ninaelewa neno moja tu, mama.

Mzee Kwesi ananiuliza kwa macho kama ndiyo yenyewe. Sijui. Gaudiose kainamisha kichwa kama mtu anayewekewa mkono utosini, anaitikia, anaitikia, na bado hajasema "toa".